Kitenzi KULA na Mwanafunzi Mchina: Maana na Matumizi Yake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Kitenzi kula ni miongoni mwa maneno ya awali kabisa ambayo mgeni hufundishwa aanzapo kujifunza Kiswahili. Hufundishwa mapema kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni rahisi: kila binadamu hula, na kila lugha ina neno la tendo hilo. Lakini wepesi huo ni wa juu juu tu. Kadiri mwanafunzi anavyosogea kutoka katika kitabu na kuingia katika maisha ya watu, ndivyo anavyozidi kukutana na kitenzi hiki mahali ambapo hapana chakula wala mlaji. Huambiwa kwamba bahari imekula ufuo, kwamba mfanyabiashara amekula hasara, kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, na kwamba shahidi amekula kiapo.

Makala haya yanakusudia kueleza maana na matumizi ya kitenzi hicho kwa kumzingatia mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kichina, na kwa kuchukua mifano katika mazungumzo ya kawaida ya mwambao wa Malindi na Kilifi. Uteuzi wa mwanafunzi huyo na wa pwani hiyo si wa kubahatisha. Uhusiano wa China na Malindi una umri wa zaidi ya miaka 600. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika baraza la mfalme wa nasaba ya Ming wakiwa na zawadi ya twiga, na baada ya hapo merikebu za amiri Zheng He zilifika katika pwani hii. Vipande vya kaure za Kichina vimefukuliwa katika magofu ya Gede, na kuanzia mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuchimbua mambo ya kale huko Malindi na Mambrui. Kwa upande wa lugha, Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na tangu miaka hiyo Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya China.

Zaidi ya hayo, kuna sababu ya kiisimu. Kichina nacho kinacho kitenzi cha kula, chi, ambacho kimeenea mno katika nahau zake. Mwanafunzi Mchina, kwa hiyo, haji katika somo hili mikono mitupu. Huja na hazina ambayo mahali pengine humsaidia, na mahali pengine humpotosha. Na hapo inapompotosha, kosa lake huweza kuwa kubwa kuliko la mwanafunzi asiyejua kitu, kwa sababu husema au hufasiri kinyume cha maana iliyokusudiwa bila ya yeye mwenyewe kushuku.

2. Umbo la kitenzi

Kabla ya kuingia katika maana, yafaa kutazama umbo. Mzizi wa kitenzi hiki ni -la. Ni mzizi wa kale wa Kibantu, na ndugu zake wanaonekana waziwazi katika lugha nyingine: Kigiriama kina kurya, Kiganda kulya, Kishona kudya, na Kizulu ukudla. Mtu anayesafiri kutoka mji wa Malindi kwenda vijijini Magarini au Ganze husikia neno lilo hilo likibadilika sauti tu, na chakula kikawa chakurya.

Kwa kuwa mzizi huu ni wa silabi moja, hauwezi kuubeba mkazo ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi kadhaa vya njeo, yaani -na-, -li-, -ta-, -me- na -nge-, kwa kawaida havipokei mkazo. Hivyo kiambishi ku- cha jina-kitenzi husalia ili kiupokee: anakula, alikula, atakula, amekula, angekula. Vivyo hivyo katika tungo zenye virejeshi: aliyekula, wanaokula, asiyekula. Lakini viambishi vingine hupokea mkazo bila shida, na hapo ku- huondoka: hula, akila, akala, asile, hajala. Kiambishi cha mtendwa nacho hutosha kuubeba mkazo. Kwa hiyo husemwa amekila chakula, wala si amekikula.

Mwanafunzi atahadhari na umbo hakula. Sura yake hudanganya, kwa maana ku iliyomo humo si ile ya anakula. Ni kiambishi cha ukanushi wa wakati uliopita, kama kilivyo katika hakusoma au hakwenda.

Kwa Mchina, ambaye kitenzi cha lugha yake hakibadiliki umbo kwa nafsi wala kwa njeo, sheria hizi ni mzigo. Mzigo mwingine ni maumbo yanayofanana na maneno mengine. Hali yaweza kuwa jina, kama katika hali ya hewa, na yaweza kuwa kitenzi, kama katika yeye hali nyama. Wala ni kiunganishi, na pia ni wao wanakula. Wale ni kionyeshi, na pia ni umbo la kutaka. Ndiyo maana maneno wale wale yaweza kumaanisha watu walio hao hao, au kwamba watu wale na wapewe chakula. Mchina amezoea maneno yanayofanana sauti, kwani Kichina kimejaa maneno hayo, lakini amezoea pia kuyapambanua mengi kwa toni. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Upambanuzi hutokana na mahali pa neno katika tungo, na sikio la mwanafunzi lazima lifunzwe kungoja sentensi ikamilike kabla ya kuamua.

Mnyambuliko wa kitenzi nao una mafunzo yake. Kutendwa ni kuliwa, kutendeka ni kulika, kutendesha ni kulisha, na kutendeana ni kulana. Kauli ya kutendea ni kulia, yaani kula mahali fulani au kwa kutumia kitu fulani, na hapo huligongana na kitenzi kingine kabisa, kulia kwa machozi. Methali isemayo mchumia juani hulia kivulini imewapoteza wengi, si wageni peke yao. Anayedhani kwamba mchumaji huyo anatoa machozi kivulini hupata methali ya huzuni, hali methali yenyewe ni ya faraja: aliyetaabika juani atakula matunda ya jasho lake penye kivuli. Kutoka katika kauli hiyo hiyo ndipo lilipotoka jina la mkono wa kulia, yaani mkono ambao kwao watu hula. Mwanafunzi aliyeketishwa kwenye sinia ya wali huko Takaungu akaelezwa jina hilo, hatahitaji kukumbushwa tena ni mkono upi unaofaa kuingia katika sinia.

3. Kiini cha maana na matawi yake

Kamusi huorodhesha maana za kula moja baada ya nyingine. Orodha hiyo humfaa mtafutaji, lakini humchosha mwanafunzi, kwa kuwa haimwonyeshi jinsi maana hizo zinavyoshikana. Inafaa kutafuta kiini. Kiini hicho chaweza kuelezwa hivi: kula ni kukitia kitu ndani ya nafsi hata kikawa sehemu ya yule aliyekitia, kisiweze tena kurudi kama kilivyokuwa. Kutokana na kiini hiki matawi makubwa sita huchipuka.

Tawi la kwanza ni la chakula chenyewe. Hapa yapo mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, mipaka ya chakula si ile ile katika kila lugha. Mswahili hula tambuu ingawa haimezi yote. Pili, kiambishi cha mtendwa hubeba kazi kubwa. Mvuvi amekula papa ni habari ya kitoweo. Papa amemla mvuvi ni msiba. Nomino na kitenzi ni vile vile. Mpangilio na kiambishi kimoja ndivyo vinavyotenga karamu na matanga.

Tawi la pili ni la kumaliza au kumomonyoa kidogo kidogo. Kutu hula chuma, moto hula nyumba, bahari hula ufuo, gari hula mafuta, na kazi hula wakati. Mtendaji si kiumbe chenye kinywa, lakini kitu kinachopunguka hupunguka kama tonge, wala hakirudi.

Tawi la tatu ni la kujipatia mali, na hasa mali isiyo halali. Kula rushwa, kula mlungula, kula hongo, kula riba, na kula mali ya yatima ni semi zenye laana ndani yake. Kitu kilichopaswa kukaa mkononi kwa amana kimepita mkononi kikaingia tumboni. Nomino ulaji, ambayo kwa asili ni tendo la kula tu, katika mazungumzo ya siasa imechukua maana ya nafasi ya kujinufaisha kwa cheo. Hata hivyo tawi hili si la lawama kila mahali katika lugha za Kibantu. Katika Kiganda, mfalme anayetawazwa husemwa kwamba amekula ufalme, na hapo hapana aibu yoyote: cheo kimeingia ndani yake, naye amekuwa ndicho.

Tawi la nne ni la kupatwa na jambo baya: kula hasara, kula fimbo, kula mwata. Hapa mlaji hakuchagua chakula chake. Anayeambiwa atakula jeuri yake anaonywa kwamba matokeo ya tabia yake yatamrudia yeye mwenyewe kinywani.

Tawi la tano ni la starehe na la umri: kula raha, kula uhondo, kula sikukuu, na kula chumvi nyingi, yaani kuishi siku nyingi. Tawi la sita ni la mchezo. Katika bao mchezaji hula kete za mwenziwe. Katika dama na karata pia ushindi wa kila hatua huitwa kula. Kilichokuwa cha mwingine kimekuwa changu.

Lipo kundi jingine la semi ambalo halikutajwa katika matawi haya, nalo ni kula kiapo, kula yamini na kula njama. Hili linastahili sehemu yake peke yake, kwa kuwa ndipo hatari ilipo.

4. Kula kiapo

Katika Kichina cha kale kitenzi cha kula kilikuwa shi, na kitenzi hicho kingali hai katika maneno mengi ya maandishi. Mojawapo ni shiyan, ambalo kwa neno kwa neno ni kula maneno. Maana yake ni kuvunja ahadi: mtu aliyesema kisha asitimize, maneno aliyoyatoa ameyarudisha kinywani akayameza. Usemi huu ni wa tangu zamani sana. Katika kitabu cha historia kiitwacho Zuo zhuan kimo kisa ambamo mtawala wa nchi ya Lu anafanya mzaha juu ya mtu mnene, kwamba unene wake umetokana na wingi wa maneno aliyoyala. Msomi wa Kichina hukijua kisa hicho tangu shuleni.

Sasa mtu huyo asome kwa Kiswahili kwamba mashahidi walikula kiapo. Maneno yote mawili anayajua. Kula ni shi, kiapo ni neno la ahadi kuu. Hitimisho linalomjia kwa urahisi ni kwamba mashahidi walivunja kiapo chao. Amepata kinyume kabisa cha kilichosemwa. Wala sarufi haitamwokoa, kwa sababu tungo yake ni sahihi kwa kila hali. Wala muktadha hauwezi kumwokoa kila mara, kwa kuwa habari za watu kuapa na habari za watu kuvunja viapo huandikwa katika kurasa zilezile.

Ili kuona uzito wa kosa hilo, yatosha kuchukua mfano mmoja wa historia ya pwani hii. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wapinge kodi na uchukuaji wa vijana wao kwenda kufanya kazi kwa amri ya serikali ya Kiingereza. Wanawake kwa wanaume walikusanyika katika kaya yao kuu wakala viapo: wanawake kile kiitwacho mukushekushe, na wanaume kile kiitwacho fisi, ambacho kiliogopwa kuliko vyote. Oktoba mwaka huo Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, kisha wakapelekwa uhamishoni Kisii. Agosti 1914 kaya ililipuliwa kwa baruti, na vita vikafuata. Miongoni mwa madai ya serikali lilikuwa kwamba Wagiriama waihame ardhi ya kaskazini ya mto Sabaki. Nguvu ya upinzani ule ilikuwa katika kiapo. Mfasiri akiandika kwa Kichina kwamba Wagiriama walikula kiapo chao kwa maana ya shiyan, atakuwa amewageuza watu walioshikamana na neno lao mbele ya bunduki kuwa watu waliolivunja. Kosa la neno moja litakuwa limegeuza historia ya watu wazima.

Kwa nini Kiswahili kinasema kula hapo? Jibu la kwanza ni lile la kiini cha maana. Kiapo ni neno lililotiwa ndani ya nafsi hata likawa sehemu ya mwenye kuapa. Akilikiuka, adui yake yumo ndani yake. Jibu la pili ni la desturi. Katika baadhi ya viapo vya Mijikenda mtuhumiwa hupewa kitu cha kutia kinywani, kama kipande cha papai kilichonuizwa, na huaminika kwamba mwenye hatia kitamdhuru. Katika undugu wa kuchanjiana, uliojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wenye kufunga undugu walikula nyama iliyoguswa na damu ya wenzao. Huko kiapo kiliingia kinywani kweli, si kwa mfano tu. Lugha ikahifadhi tendo hilo hata pale ambapo leo mwenye kuapa hushika msahafu au Biblia na kutamka maneno matupu. Kwa sababu hiyo, mtu aliyeapishwa na wengine husemwa kuwa amelishwa kiapo au amelishwa yamini, na wenye kupanga jambo kwa siri husemwa kuwa wamekula njama: wote wametia tonge moja, na hakuna awezaye kusema hakuwamo.

Tofauti ya lugha hizi mbili, basi, ni tofauti ya mwelekeo. Kwa Kichina kiapo hutoka: husemwa fashi, kukitoa kiapo, au xuanshi, kukitangaza. Kilichotoka kikirudishwa ndani kimevunjwa. Kwa Kiswahili kiapo huingia. Kilichoingia hakivunjwi kwa kuliwa. Huvunjwa kwa kutenda kinyume chake, na ndiyo sababu Mswahili husema amevunja kiapo au amevunja ahadi, kwa kitenzi kingine kabisa.

Hata hivyo mwalimu anayo daraja ya kumvusha mwanafunzi wake. China ya kale ilikuwa na desturi ya watawala kufunga mapatano kwa kupaka au kuonja damu ya mnyama aliyechinjwa, na kumbukumbu yake imebaki katika usemi shaxue wei meng. Mchina akikumbushwa kwamba wahenga wake nao walitia kiapo midomoni, kula kiapo hakutamwonekea tena kuwa kitendawili.

5. Kula na chi: panapolingana na panapoachana

Nje ya kiapo, ulinganifu wa lugha hizi mbili mahali pengine ni wa kushangaza. Kula hasara kuna mwenzake kamili, chi kui, neno kwa neno. Katika sataranji ya Kichina, mchezaji anayeondoa kipande cha mwenziwe husemwa kuwa amekila, kama ilivyo katika bao. Anayepokea malipo ya siri kutokana na biashara husemwa kwa Kichina kuwa amekula, chi huikou, na Mswahili humfahamu mara moja. Mkubwa wa Kichina anayetaka kumnyamazisha kijana humwambia kwamba chumvi aliyokula yeye ni nyingi kuliko wali aliokula kijana. Mzee wa Malindi aliyekula chumvi nyingi angecheka na kukubali. Haya yote yatumiwe darasani mwanzoni, kwa kuwa humtia mwanafunzi moyo.

Lakini baada ya kutiwa moyo, aonyweshe mahali njia zinapoachana. Mchina mwenye wivu wa mapenzi hula siki, chi cu. Mswahili huona wivu. Mchina aliyeshtuka hula mshtuko, chi jing. Mswahili hushangaa, au hupigwa na bumbuwazi. Mchina anayevumilia maisha magumu hula uchungu, chi ku. Mswahili huona taabu au hupata shida. Mchina aliyepelekwa mahakamani hula kesi, chi guansi, Mswahili hushtakiwa. Yafaa mwanafunzi atambue kwamba katika mambo ya moyoni na ya mwilini Kiswahili hupendelea kitenzi kuona, kama katika kuona njaa, kuona baridi, kuona haya na kuona uchungu.

Kwa upande wa dawa tofauti ni ndogo kwa umbo lakini si ndogo kwa matokeo. Mchina hula dawa, chi yao, iwe ya maji au ya tembe. Mswahili kwa kawaida hunywa dawa, hata ikiwa ni tembe, au huimeza. Ile ya kupaka hujipaka. Mhudumu wa afya mgeni anayemwuliza mgonjwa kama amekula, akikusudia dawa, atajibiwa habari za chakula cha asubuhi. Kitenzi kilichochaguliwa vibaya hapa chaweza kumpa mgonjwa kipimo cha pili kabla ya saa yake, au kumnyima cha kwanza. Mtoto mchanga naye kwa Kichina hula maziwa. Kwa Kiswahili hunyonya.

6. Kula na adabu

Maana ya neno haitoshi bila ya kujua ni wakati gani lasemwa. Kwa Kichina cha mazungumzo, hasa kwa watu wa makamo, kuuliza kama mtu amekwisha kula ni maamkizi, na jibu lake ni la desturi tu. Mgeni akimwuliza jirani yake wa Kilifi Umekula?, amemwuliza swali halisi. Aliyeulizwa aweza kudhani kwamba anaalikwa. Akijibu kwamba hajala, mwenye kuuliza anatazamiwa awe na kitu cha kumpa. Maamkizi ya pwani ni hujambo, shikamoo na salamu nyingine zijulikanazo, nayo hutangulia habari yoyote ya chakula.

Kinyume chake, mtu anayepita penye watu wanaokula huambiwa Karibu, na penye Waislamu huambiwa pia Bismillahi. Huo ni mwaliko, japo mara nyingi mwenye kualikwa hushukuru na kuendelea na safari yake. Kunyamaza bila ya kualika ni utovu wa adabu. Na kupita bila ya kujibu ni utovu wa adabu vile vile.

Jambo la mwisho katika sehemu hii hutajwa kwa nadra katika vitabu vya wanafunzi, na kwa kutotajwa huwaletea fedheha. Kitenzi kula kikichukua mtendwa ambaye ni binadamu, nje ya habari za wanyama wakali au za michezo, huweza kuchukua maana ya matusi. Mchezaji wa bao aweza kumwambia mwenziwe Nimekula kete zako mbele ya wazee bila ya mtu kuinua jicho. Akisema Nimekula peke yake ataeleweka pia. Lakini mgeni anayetunga sentensi ya kumla mtu, akidhani kwamba viambishi ni hesabu tu ya sarufi, aweza kuukatiza mchezo. Afadhali akitaje kitu kilicholiwa, yaani kete, karata au zamu, amwache mtu nje ya kitenzi.

7. Hitimisho

Tatizo la kumfasiria mgeni maneno ya watu wa mwambao huu lina historia ndefu. Johann Ludwig Krapf, aliyefanya makao yake Rabai kuanzia mwaka 1846, alikusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. W. E. Taylor alitoa msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Waandishi hao waliwaandikia wasomaji wa Ulaya, na maelezo yao yalielekea huko. Mwanafunzi Mchina ana haki ya kuandikiwa maelezo yanayotazama lugha yake mwenyewe, kwa kuwa makosa yake si makosa ya Mwingereza.

Kutokana na yaliyoelezwa, mapendekezo matatu yanaweza kutolewa kwa walimu. Kwanza, kitenzi kula kisifundishwe kwa orodha bali kwa kiini chake, na kila usemi mpya upimwe kwa swali moja: ni kitu gani hapa kinachoingia, na kinaingia ndani ya nani? Pili, semi zinazolingana na Kichina zitangulie, kisha zifuate zinazoachana nazo, ili mwanafunzi ajue kwamba ulinganifu ni msaada, si kanuni. Tatu, kula kiapo na kuvunja kiapo vifundishwe pamoja siku moja, kama jozi, na shiyan itajwe wazi wazi katika somo hilo. Anayesubiri mwanafunzi akosee ndipo amsahihishe huenda asipate nafasi, kwa sababu kosa hili halionekani. Mwenye kulifanya huendelea kusoma akiwa ameridhika.

Mahakamani Malindi, shahidi anapolishwa kiapo, mkalimani ana muda wa pumzi moja kuamua mwelekeo wa kitenzi. Maisha ya mtu aliye kizimbani yaweza kuegemea uamuzi huo.